Nipo, Nimetoka Kidogo

Iko nchi inaitwa Sadakta. Usisumbuke kuitafuta kwenye ramani. Tuliwahi kuomba tuwekwe, tukaambiwa tusubiri, na sisi kwa kusubiri tunajiamini sana.

Sadakta ni nchi iliyoendelea. Wengine huagiza mitambo ya gemu kutoka ng'ambo, sisi tunao wa kwetu, umebuniwa na Wizara ya Burudani Iliyoratibiwa, na unaitwa Fahari Tatu. Fahari ya Kwanza haikuwahi kuwaka. Fahari ya Pili iliwaka siku ya uzinduzi na hadi leo wataalamu hawajajua namna ya kuizima. Iko kwenye chumba kimoja pale Wizarani, wameifunika blanketi ili muziki wake usiwasumbue walioko kwenye vikao. Fahari Tatu ndiyo iliyotutoa kimasomaso. Inawaka, inazimika, na juu ya yote hayo ina gemu.

Gemu zilizotoka karibuni ni tatu, na kila moja ilizinduliwa kwa ngoma na keki. Ya kwanza ni Mgeni Rasmi. Unakaa kwenye kochi chini ya turubai, umevaa shada la maua, unasikiliza risala. Kazi yako ni kutosinzia. Ukisinzia, risala inaanza upya kuanzia salamu. Ya pili ni Kata Utepe. Unapewa mkasi, unazindua kisima. Ukifaulu unapanda hatua ya pili, ambako unazindua kisima kilekile.

Ya tatu ni Foleni.

Katika Foleni, unasimama. Hivyo tu. Mbele kabisa liko dirisha, mbele yako iko migongo ya watu, na watu wale ni wachezaji wenzako wa nchi nzima, maana mitambo yote imeunganishwa Wizarani na foleni ni moja tu. Wachache waliowahi kufika dirishani waliulizwa na ndugu zao kuna nini kule. Kila mmoja alitazama pembeni, akajikuna shingo, akasema, "Nenda, utajionea mwenyewe."

Mwanzoni gemu ilitaka mtu asiachie pedi ya kuchezea hata dakika moja, vinginevyo anapoteza nafasi. Wasadakta wakanuna. Ni nchi gani hiyo ambayo mtu hawezi kumwambia aliye nyuma yake amshikie nafasi akanywe maji? Wizara ikakaa vikao, ikaongeza kitufe cha kandambili. Unachagua kandambili yako siku ya kujisajili, na ukitaka kutoka unaiacha chini, ncha yake ikielekea dirishani. Askari wa foleni hupita mara kwa mara na kuuliza, "Hii ya nani?" Aliye karibu nawe akijibu kwa niaba yako, nafasi yako ipo. Wakinyamaza, askari anaipiga teke inaruka hadi mwisho wa foleni, na wewe na kandambili yako mnaanza maisha upya.

Kuzungumza kunaruhusiwa pia, kwa sentensi zilizopitishwa na Wizara. Ziko nne: "Jua kali." "Sogea kidogo." "Wa mwisho nani?" Na ile iliyopendwa kuliko zote, "Nipo, nimetoka kidogo."

*

Sasa katika mtaa wetu wa Kwa Spana alikuwepo kijana aitwaye Mwinjuma. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mwenyewe aliyaita ya wastani, na walimu wake waliyaita kwa jina jingine. Kazi hakuwa nayo, lakini mdomo alikuwa nao, na mdomo ule alikuwa ameufungulia ofisi kwenye benchi la banda la gemu la Mama Hidaya.

Mama Hidaya alikuwa mwanamke mnene wa taratibu, aliyevaa kandambili nyeusi ambayo mkanda wake ulikatika akaufunga kwa waya. Alikodisha viti na pedi, wala hakuwa na maoni yoyote kuhusu gemu. Maoni yote ya banda alimwachia Mwinjuma.

"Foleni ile si gemu," Mwinjuma alikuwa akisema, miguu ameinyoosha. "Ni adhabu iliyowekewa muziki. Mimi nikitaka kusimama bila sababu, si naenda zahanati?"

Benchi zima linacheka.

"Michoro yenyewe je? Umetengeneza gemu nzima mtu anaangalia visogo. Na visogo vyenyewe vimejirudia. Kuna kisogo kimoja nimekiona mara nyingi mpaka nakisalimia."

Wanacheka tena, mmoja anamwaga chai. Wakamwita Jaji. Gemu ikitoka, hakuna aliyesema ni nzuri au mbaya mpaka Jaji atoe hukumu, na hukumu zake zilisambaa kutoka Kwa Spana hadi Sokoni, kutoka Sokoni hadi kwa wenye nchi.

Kila adhuhuri Mama Hidaya alishusha pazia la banda akaenda kupika. Mwinjuma alibaki, kwa kisingizio cha kufuta vumbi kwenye pedi. Pazia likishuka tu, Jaji wa Kwa Spana aliwasha mtambo wa pembeni, ule ambao kioo chake kina ufa, akaingia kwenye Foleni, akasimama.

Alikuwa akiipenda kama mtu anavyompenda mwanamke ambaye ameshamsema vibaya mbele ya rafiki zake wote. Alisimama kwa adabu. Alisogea ilipotakiwa. Na kwa jinsi alivyokuwa hakosi hata adhuhuri moja, alikuwa ameshafika karibu na dirisha mno. Mbele yake alibaki mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa na kandambili ya bluu, na alikuwa na tabia yake. Akiiacha, aliweka juu yake kizibo cha soda, eti upepo usiipeperushe. Kwenye gemu hakuna upepo. Mwinjuma alicheka siku ya kwanza, siku zilizofuata akakizoea kile kizibo, mwisho akakipenda. Ya Bluu akitoka, Mwinjuma alimjibia kwa askari. Mwinjuma akitoka, aliyemjibia alikuwa wa nyuma yake, mtu mkimya mwenye kandambili nyeusi, ambaye Mwinjuma hakuwahi kumjali sana, maana nani anatazama nyuma?

Na hivi, kwa sentensi nne za Wizara, yeye na Ya Bluu wakawa marafiki. Adhuhuri moja Mwinjuma alitoka kumzika bibi yake, yule aliyemlea, akaenda bandani moja kwa moja na mchanga wa makaburini kwenye viatu. Hakujua aseme nini, na kwenye orodha ya Wizara haikuwemo sentensi ya msiba. Akabonyeza, "Jua kali." Akabonyeza tena, "Jua kali." Akaendelea hivyo mpaka kioo kikajaa jua. Ya Bluu akajibu, "Sogea kidogo," akajisogeza pembeni, wakasimama bega kwa bega, jambo ambalo gemu ile haikukusudiwa kuliruhusu.

Jioni yake benchini Mwinjuma alisema Foleni imetengenezwa na watu wasiojua binadamu ni kitu gani. Wakacheka sana.

*

Ndipo Wizara ilipotangaza gemu ijayo. Iliitwa Foleni Mpya: Sasa Ni Haraka.

Katika gemu hii hakuna foleni. Unawasha, unaona dirisha, unabonyeza kitufe, inatokea "Umehudumiwa. Karibu tena." Imekwisha. Sababu ilielezwa redioni: wageni kutoka nchi marafiki walikuwa wameitembelea Sadakta, wakaona watu wamepanga foleni hata kwenye burudani, wakatikisa vichwa. Serikali haipendi kutikisiwa vichwa.

Tatizo lilikuwa moja. Tumbo la Fahari Tatu ni dogo, na Foleni Mpya isingeingia mpaka Foleni ya zamani ifutwe, pamoja na nafasi zote za wote waliosimama. Na kwa sheria za Sadakta, kitu cha umma hakifutwi mpaka ufanyike mdahalo, na mdahalo lazima uwe na msemaji na mpinzani. Msemaji walishamchagua.

Alikuja kumchukua Mkuu wa Itifaki wa Wizara, Bwana Faraji Mtulia, mtu mrefu mwenye sauti ya kufungua semina. Gari lake lilikuwa na kipaza sauti juu, na alikitumia ingawa Mwinjuma alikuwa amekaa hatua chache tu mbele yake.

"Ndugu Mwinjuma, wa benchi hili. Maneno yako juu ya Foleni yamefika ngazi za juu."

Mwinjuma akatazama njia ya kukimbilia. Ilikuwa imezibwa na watu waliokuja kushangaa.

"Yalikuwa utani tu, mzee," akasema.

"Yamependwa," likasema gari. "Hasa lile la zahanati. Utasimama mbele ya Taifa na kuthibitisha kuwa gemu ijayo ni bora kuliko iliyotangulia. Ukishinda, na utashinda, utapewa heshima ya kubonyeza kitufe cha kufuta."

Benchi lilimtazama. Hii ndiyo nafasi ambayo mtu mwenye akili angesema, jamani, mimi huwa naicheza, naipenda, niacheni. Mwinjuma alifungua kinywa aseme hivyo hivyo. Kikatoka kitu kingine.

"Watajuta kuzaliwa na visogo," akasema.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi Sokoni. Mdomo ule ungekuwa mguu, angeukata.

"Na mpinzani ni nani?" aliuliza Mama Hidaya, ambaye kwa kawaida haulizi.

Bwana Mtulia alizima kipaza sauti, maana hili lilikuwa nyeti. Tangazo la kutafuta mpinzani lilikuwa limebandikwa kila mkoa, akaeleza, wala hakujitokeza mtu. Sadakta watu hawapingi; ni malezi. Na mdahalo usio na mpinzani ni hotuba, hautambuliki. Kwa hiyo Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Leokadia Mbonde, alikuwa amejitolea kwa moyo wa kizalendo kuupinga uamuzi wake mwenyewe, na alikuwa ameahidi kushindwa.

Gari lilipoondoka, Mama Hidaya alibaki anakunja mfuko wa plastiki, anaukunjua, anaukunja.

"Kwa hiyo utaifuta."

"Si gemu mbaya, Mama Hidaya?"

"Mimi sijui gemu, mwanangu. Mimi nakodisha viti." Akauweka mfuko kwapani. "Ni mbaya. Si umesema mwenyewe?"

*

Mdahalo ulifanyika katika Ukumbi wa Makubaliano. Mwinjuma alivalishwa suti ya Wizara, ambayo mikono yake ilikuwa ya mtu mwingine. Nyuma ya jukwaa kiliwekwa kioo kikubwa kama ukuta wa msikiti, na juu yake Foleni ilionekana moja kwa moja, ili Taifa lishuhudie inavyokata roho. Pale mbele kabisa lilionekana dirisha, limefungwa. Kisha kandambili ya bluu, yenye kizibo. Kisha kandambili ya kahawia, ya Mwinjuma mwenyewe, aliyoiacha asubuhi ile akijua labda hataiona tena. Mezani, mbele ya kiti chake, ilikuwepo pedi moja yenye kitufe chekundu kilichobandikwa utepe.

Ukumbi ulijaa. Mama Hidaya alipata kiti safu ya mbele. Mimi na wenzangu wa benchini tulikuwa nyuma, tumekuja kuona mtu wetu anavyotukuka.

Mwinjuma aliitwa kwanza, na kwa bahati mbaya alikuwa mzuri. Alianza na zahanati. Akaja kwenye visogo. Akasema Foleni ndiyo gemu pekee duniani ambayo mtu akiizima ndipo anaanza kufurahi. Bwana Mtulia aliamuru makofi ya kilo, watu wakapiga, matatu ya haraka na moja zito la mwisho. Kila alipojaribu kulegeza, ulimi ulimletea kichekesho kingine bora zaidi. Alipokaa chini alikuwa ameshinda vibaya.

Akasimama Mheshimiwa Mbonde. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, kitenge kimepigwa pasi kikakubali.

"Ndugu wananchi," akasema, "mimi kama mpinzani niliyeidhinishwa, napinga. Napinga kwa kiasi, na kwa kufuata taratibu. Serikali, ambayo ni mimi, imefanya utafiti wa kina, na mimi, ambaye leo si serikali, nina mashaka nao."

Makofi ya kilo.

"Foleni ya zamani ni mbovu. Nakubali. Haina mbio, haina bunduki, haina mwisho. Lakini najiuliza." Karatasi yake aliiweka chini. "Katika hiyo mpya, ukishahudumiwa, unazungumza na nani? Mimi nikitoka kikaoni siku nzima nimeitwa mheshimiwa. Mheshimiwa hili, mheshimiwa lile. Kule kwenye ya zamani hakuna anayeniita. Maana yake, hakuna anayemwita mtu yeyote. Mtu anakuambia jua kali, nawe unajua ni kweli kwake jua ni kali. Mtu usiyemjua anakushikia nafasi. Hajui wewe ni nani, anakushikia tu. Sasa ukifuta hilo—"

Bwana Mtulia akakohoa, akainama sikioni pake. Lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, na sote tulisikia. "Mheshimiwa, muda wa kushindwa umewadia."

"Ndiyo," akasema Waziri. "Naomba kushindwa. Ila kwanza naomba nitoke kidogo."

Akavua kiatu kimoja, cheusi, cha kisigino. Akakiweka kwenye kiti chake, ncha yake ikielekea mbele. Akafungua mkoba, akatoa kizibo cha soda, akakiweka juu ya kiatu. Akatoka akichechemea kuelekea msalani, kichwa juu, kama kwamba mawaziri wote hufanya hivyo.

Mwinjuma alikitazama kile kizibo. Akatazama kioo. Akarudi kwenye kizibo. Mle ukumbini hapakuwa na upepo.

*

Waziri aliporudi kura ikaanza. Sadakta hatupigi kura kwa karatasi, karatasi zinaleta maneno. Tunajipanga. Anayeunga mkono anasimama nyuma ya msemaji, anayepinga anasimama nyuma ya mpinzani, migongo inahesabiwa, basi. Utaratibu huu haujawahi kutuangusha. Lakini haukuwahi kujaribiwa kwa Taifa lililoshinda mwaka mzima likicheza Foleni.

Watu waliinuka vizuri. Wakajipanga vizuri. Kisha mzee mmoja katika safu ya Mwinjuma akakumbuka hajanywa dawa. Akavua kiatu, akakiacha, akamwambia wa nyuma yake, "Nishikie." Mwingine akaacha kofia. Mama mmoja akaacha kapu akaenda kununua karanga. Waliochelewa kuingia wakawa wanauliza, "Wa mwisho nani?" na kuunga, bila kuuliza safu ni ya nani, wala ni ya nini. Safu ikatoka mlangoni. Ikakata uwanja. Huko nje wapita njia wakaiona, wakajipanga.

"Wanagawa nini?" aliuliza mmoja.

"Sijui. Wewe simama."

Wahesabuji walisimamisha kazi. Je, kiatu ni kura? Na kama ni kura, jozi ni mtu mmoja au wawili? Wanasheria wa Wizara wakaitwa, wakakuta foleni mlangoni, na kwa kuwa ni watu waliolelewa vizuri, wakauliza wa mwisho nani.

Na mimi, kama unataka kujua, nilikuwa nimeacha mkanda wa suruali.

Ndipo dirisha la kwenye kioo likafunguka. Sauti ikajaa ukumbi mzima.

"Anayefuata."

Hakuna aliyewahi kulisikia neno lile isipokuwa wale wachache waliofika, na hao walikuwa wanatazama viatu vyao, waliobaki navyo.

Askari wa foleni akatokea kwenye kioo, akasimama mbele ya kandambili ya bluu. "Hii ya nani?"

Waziri alikuwa amesimama mbele ya safu yake, kiatu kimoja mguuni. Hakuinua mkono. Angeinuaje? Ndiye aliyeagiza ifutwe. Ndiye aliyetikisiwa vichwa na wageni. Alisimama wima akitazama mbele, na kidevu chake kilianza kutetemeka kidogo, kama cha mtoto anayejizuia.

"Hii ya nani?" askari akauliza mara ya pili, na akauvuta mguu nyuma.

Mwinjuma hakutakiwa kufanya lolote, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Akinyamaza tu, Ya Bluu inapigwa teke, na anayefuata ni yeye. Dirisha. Lile lile. Adhuhuri zote zile nyuma ya pazia. Na hakuna ambaye angejua; Jaji wa Kwa Spana angebaki Jaji. Ilitosha anyamaze, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kunyamaza kungemlipa.

Akakumbuka mchanga wa makaburini, na mtu aliyejisogeza pembeni.

Akaiokota pedi. Aliishika kama mtu anayeijua, vidole vikienda vyenyewe mahali pake, na benchi zima la Mama Hidaya liliona. Akabonyeza. Siyo chekundu.

"Nipo," ikasema sauti ya mtambo ukumbi mzima, kwa niaba ya kandambili ya bluu. "Nimetoka kidogo."

Askari akaushusha mguu.

"We Jaji," alisema mtu nyuma yangu, taratibu. "Kumbe."

"Kumbe nini?" akasema Mwinjuma bila kugeuka. "Ni adhabu. Naitumikia." Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa bado wazi, "Mheshimiwa. Unaitwa dirishani."

Waziri akamgeukia. "Wewe ndiye Ya Kahawia?"

"Ni mimi, mama."

"Ile siku ya majua mengi," Waziri akasema. "Nilijua kuna jambo."

"Nilikuwa nimemzika bibi."

"Pole, mwanangu." Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge. "Ningekupa pole siku ile. Sentensi hatukuiweka. Mimi mwenyewe niliikata, nilisema itahuzunisha wachezaji."

"Ulisogea, mama. Ilitosha."

Bwana Mtulia alitazama juu, kwenye dari, ambako huenda kulikuwa na itifaki ya jambo hili. Hakuiona. Waziri akachukua pedi, akachechemea hadi mbele ya kioo, mle kwenye gemu akaiokota kandambili yake ya bluu na kizibo chake, na Taifa zima likamwangalia akifika dirishani.

Ndani alikuwepo karani, anaandika. Hakuinua uso.

"Hapa ni kupokea," karani akasema. "Kuomba ni dirisha la nyuma. Foleni ile kule."

Wale waliowahi kufika walitazama pembeni, wakajikuna shingo, na sasa sote tukajua kwa nini.

Mabega ya Waziri yakaanza kutikisika, tukadhani analia, kumbe anacheka, cheko la mtu ambaye hajacheka tangu aapishwe. Akakisogelea kipaza sauti. "Jamani," akasema, "wa mwisho nani?"

"Mimi, mheshimiwa," akajibu mwanasheria mmoja kutoka mlangoni. "Kwenye gemu pia, mimi. Nilipigwa teke jana."

"Basi niko nyuma yako."

"Anayefuata," ikasema sauti.

Huyo alikuwa Mwinjuma. Watu wote wa ukumbini, na viatu vyote, vilimwelekea. Bwana Mtulia akamsogelea, anatokwa jasho. "Kijana, maliza upesi. Pokea chako, au usipokee, kisha tufute. Wageni wanatazama."

Mwinjuma alilitazama dirisha. Alikuwa wa kwanza. Maisha yake yote hakuwahi kuwa wa kwanza, si darasani, si nyumbani, si kwenye bomba la maji. Na alishajua ataambiwa nini, na baada ya kuambiwa atakuwa wa mwisho, na hatakuwa na cha kusema benchini isipokuwa kujikuna shingo.

Akaipokea pedi kwa Waziri, akaiokota ile ya kahawia, akasogea dirishani, kisha akabonyeza kitufe cha kandambili. Ile ya kahawia ikatua chini, ncha kwa dirisha.

"Hii ya nani?" akauliza askari.

Mwinjuma akageuka, kwa mara ya kwanza, kumtafuta aliye nyuma yake. Kwenye kioo ilikuwepo kandambili nyeusi, na mkanda wake, sasa alipoutazama vizuri, ulikuwa umefungwa kwa waya. Akashusha macho kwenye safu ya mbele. Mama Hidaya alikuwa amekaa, mguu mmoja juu ya mwingine, kandambili ikining'inia kidoleni.

"Unadhani adhuhuri nilikuwa napika nini kila siku?" akasema. "Nenda kanywe maji, Mwinju. Nitakushikia."

*

Kura haijahesabiwa mpaka leo, maana safu haijaisha kurefuka, na kisichohesabiwa hakifuti kitu. Foleni Mpya ipo kwenye boksi lake pale Wizarani, wameifunika blanketi moja na Fahari ya Pili. Mwinjuma amerudi benchini. Bado anasema gemu ile ni mbovu, anasema kwa maneno makali kuliko ya mwanzo, na tunacheka sana, halafu adhuhuri pazia likishuka tunabaki wote.

Karani wa dirishani alimsubiri kidogo. Kisha naye akavua kandambili, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, akatoka. Ukifika Sadakta utaziona, zinatazamana, ya karani na ya kahawia, hakuna anayemhudumia mwenzake. Na askari akipita kuuliza ni za nani, nchi nzima inabonyeza kwa pamoja.